Laini Gani Nzuri? Uulize Mlima Kwanza

Kila likizo inapokaribia, bwenini huzuka mjadala ambao hata kiranja hushindwa kuuzima. Mmoja atasema laini yake ndiyo laini, hizo nyingine ni mapambo. Mwingine atamrukia kwamba yeye kwa shilingi 20 tu anapata bando la kutazama mpira hadi macho yamuume. Wa tatu, ambaye kwao ni mbali huko kaskazini, atacheka na kusema, "Nyinyi mnabishana juu ya bei. Sisi kwetu twauliza kama simu itashika." Mimi ninamuunga mkono huyo wa tatu, na katika makala haya nitaeleza kwa nini.

Swali la "laini gani nzuri?" ni sawa na kuuliza kiatu gani kizuri bila kutaja mguu. Haliwezi kujibiwa mpaka tujue simu itatumikia wapi, itampigia nani, na simu yenyewe ni ya aina gani. Bei huja baadaye. Bando la bei rahisi mahali pasipo na netiweki ni ghali kuliko yote, maana umelipa na hukupata kitu.

Jambo hili sikulichunguza kwa ajili ya kushinda mabishano ya bwenini. Nyanya yangu anaishi katika bonde moja nyuma ya kilima, si mbali na Wundanyi, katika Kaunti ya Taita Taveta. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu na anaishi na binamu yangu wa gredi ya tano. Likizo ya Aprili alianguka usiku. Simu ilikuwepo, chaji ilikuwepo, hata salio lilikuwepo. Netiweki ndiyo iliyokosekana. Mtoto yule alishika tochi akapanda peke yake hadi njia panda ya juu, mwendo wa karibu nusu saa, ndipo akampata jirani mwenye pikipiki. Nyanya alipona, Mungu ashukuriwe. Baba aliporudi kutoka kazini alinitazama akasema, "Wewe uliye sekondari, tafuta laini itakayoshika ndani ya chumba cha mama. Si uani, ndani ya chumba." Jina la kampuni iliyotukosesha simu usiku ule silitaji, na mbele mtaona kwamba hata ningelitaja halingewafaa.

Kwanza tuyafute mawaidha ya kale. Wazee wetu wengi walichagua laini zamani wakakwama hapo. Mjomba wangu bado huiita Airtel "KenCell", jina ambalo kampuni hiyo iliacha kulitumia mwaka 2004 ilipokuwa Celtel. Mwaka 2008 ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Safaricom nayo ilianza kuhudumia umma chini ya jina hilo mwaka 2000, mwaka uleule wa KenCell. Inasemekana kilichoipa Safaricom wateja wa mapema ni kutoza kwa sekunde ilhali mwenzake akitoza kwa dakika. Ukipiga simu ya sekunde 10 unalipia sekunde 10, basi. Kwa mtu wa kipato kidogo hiyo haikuwa hesabu ndogo. Mwaka 2008 walikuja wawili zaidi: Orange, ambayo ilikuwa chini ya Telkom Kenya na ikaja kuitwa Telkom mwaka 2017, na yu, ambayo ilifunga virago mwaka 2014. Wateja wa yu walichukuliwa na Airtel, mitambo ikachukuliwa na Safaricom. Kwa hiyo ukiambiwa "hiyo laini haishiki huku", uliza ni lini mara ya mwisho aliyesema hayo alijaribu. Huenda anazungumzia mnara ambao umeshabadilisha mwenyewe mara mbili.

Sasa tuingie katika Fizikia, na mwalimu wetu anisamehe nikirahisisha. Simu yako ni redio ndogo. Inarusha mawimbi hadi mnara ulio karibu, na mnara unarusha mengine kurudi. Mawimbi haya hayapendi vizuizi. Mlima, ukuta wa mawe, paa la mabati, msitu uliolowa mvua, vyote huyala au huyarudisha nyuma. Tulifundishwa kwamba kasi ya wimbi ni masafa yake mara urefu wake. Basi kampuni ikirusha kwa megahatsi 900, wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi. Ikirusha kwa megahatsi 2100, wimbi ni la sentimita 14 tu. Wimbi refu huenda mbali zaidi, hujipinda kidogo kwenye ukingo wa kilima, na huingia nyumbani kwa urahisi. Wimbi fupi hubeba shehena kubwa ya data lakini huchoka upesi. Ndiyo sababu mjini, ambako minara imejazana, intaneti hukimbia kama swara, na mashambani unaweza kupiga simu vizuri lakini picha moja ya WhatsApp ikazunguka mpaka uchoke.

Kwetu Taita mlima ni rafiki na adui kwa wakati mmoja. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, ndicho kirefu kuliko vyote katika milima yetu, na milingoti ya mawasiliano imesimikwa huko juu. Aliye tambarare, anayekiona kilele kwa macho, anafaidi. Lakini aliye bondeni nyuma ya kilima kingine anaweza kuwa karibu zaidi na mlingoti kuliko mtu wa tambarare na bado asipate kitu, kwa sababu yuko katika kivuli. Netiweki ina kivuli, ndugu zangu, kama vile jua lina kivuli. Nyanya anaishi katika kivuli hicho.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni kuona mnara. "Si mnara huo hapo!" watu husema, wakidhani kila mnara unahudumia kila laini. La hasha. Siku hizi minara mingi ni mali ya kampuni za kukodisha minara, si za kampuni za simu. Airtel iliuza minara yake mingi, na Telkom pia iliuza yake mwaka 2018. Kampuni ya simu hulipa kodi ili kuning'iniza mitambo yake pale, kama mpangaji. Mnara mmoja unaweza kuwa na wapangaji watatu, mwingine ukawa na mmoja. Kwa kutazama chuma huwezi kujua ni nani amepanga. Na kwa kawaida laini yako haiombi hifadhi kwa mnara wa kampuni nyingine ukiwa ndani ya nchi, hata kama mnara huo uko mita 100 kutoka mlangoni.

Kuna dalili moja ya bure ya kujua kama kampuni nyingine ipo. Umewahi kuona simu imeandika "simu za dharura pekee"? Maana yake ni kwamba kampuni yako haipatikani hapo, lakini simu imenusa mtandao wa kampuni nyingine ambao unaweza kukubeba ukipiga nambari ya dharura kama 112. Ikiandika kwamba hakuna huduma kabisa, basi hakuna aliyefika. Laiti binamu yangu angelijua hili mapema. Siku hizi analijua.

Tukija kwenye matangazo, kampuni hupenda kusema mtandao wao umewafikia asilimia tisini na kitu ya Wakenya. Huenda ni kweli tupu. Lakini lisome neno lile tena: Wakenya, si Kenya. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yetu ni kame au nusu kame, na humo wanaishi watu wachache waliotawanyika. Kampuni ikiweka minara Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Mlima Kenya na magharibi yote, imeshawafikia watu wengi mno, na bado ukiitazama ramani utaona eneo kubwa jeupe. Serikali inalijua hilo. Kuna hazina inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kampuni za simu huchangia sehemu ya mapato yao ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake haingeipeleka. Kwa hiyo asilimia ya tangazo inakuambia kuhusu taifa. Haikuambii lolote kuhusu chumba cha nyanya.

Basi nilifanyaje? Nilipima. Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo penye faida na mtu yeyote anaweza kufanya hivyo nyumbani kwao bila gharama kubwa.

Niliazima simu ya shangazi, ile ya kuingiza laini mbili. Laini moja ilikuwa yake, ya pili ya baba, na ya tatu ya kampuni nyingine niliinunua dukani Wundanyi na kusajiliwa kwa kitambulisho cha baba. Nilitumia simu ileile moja kwa laini zote, kwa sababu simu nazo hutofautiana. Ukipima laini moja kwa simu nzuri na nyingine kwa simu mbovu, umepima simu, hukupima laini. Kwenye daftari nikachora jedwali: chumbani kwa nyanya, jikoni, uani chini ya mparachichi, na njia panda. Kila mahali nilipima mara tatu, yaani alfajiri, adhuhuri na saa mbili usiku.

Usiviamini vijiti vya netiweki. Vijiti vitatu vya simu hii si sawa na vijiti vitatu vya simu ile, kila mtengenezaji ana kipimo chake. Simu nyingi za kisasa huonyesha nambari halisi ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, kisha hali ya laini. Utaona nambari yenye alama ya kutoa, kwa mfano -85 au -110. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo netiweki ilivyo na nguvu. Hapa ndipo hesabu ya vipeo vya kumi inapofaa: kila nambari ikishuka kwa 10, nguvu imepungua mara kumi. Kutoka -80 hadi -110 si kupungua kidogo, ni kupungua mara elfu moja. Ila linganisha 4G kwa 4G na 2G kwa 2G, kwani vipimo vyao si vya namna moja.

Laini iliyoongoza uani chini ya mparachichi, tena kwa mbali, ilikufa kabisa chumbani. Mawimbi yake yalikuwa yale mafupi, na ukuta wa mawe pamoja na paa la mabati viliyamaliza. Laini ya pili ilikuwa dhaifu uani lakini ikaingia ndani bila wasiwasi, polepole kama mgeni anayejua njia. Kitandani ilisoma -112, na juu ya kizingiti cha dirisha -97. Tofauti hiyo ya 15 ni sawa na nguvu kuongezeka karibu mara thelathini, kwa kuisogeza simu hatua mbili tu! Laini ya tatu ilishika chumbani alfajiri na adhuhuri, lakini saa mbili usiku kila tulipopiga tuliambiwa tujaribu tena baadaye. Hiyo si habari ya mlima, ni habari ya msongamano. Mnara una nafasi kama matatu. Saa ambayo kijiji kizima kiko mtandaoni, wengine watabaki kituoni. Ningepima mchana peke yake ningempa nyanya laini inayolala usiku, wakati ambao yeye huhitaji kuamshwa.

Zaidi ya nambari, piga simu kwelikweli. Zungumza dakika mbili uone kama sauti inakatika. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: mtu mwingine apige kutoka nje huku simu imelala pale inapolala kila siku. Kuna mahali unaweza kupiga, lakini anayekupigia anaambiwa hupatikani. Kwa mzee mgonjwa, kupatikana ni nusu ya kazi.

Nikawauliza na majirani swali moja ambalo halimo katika tangazo lolote: stima ikipotea, netiweki hukaa saa ngapi? Mnara hula umeme. Stima ikizimika unategemea betri, au jenereta kama ipo na ina mafuta. Majirani walinijibu bila kusita. Laini moja huondoka muda mfupi baada ya giza kuingia, nyingine hudumu mpaka asubuhi. Kwetu, ambako mvua ikinyesha stima haikawii kwenda, jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko bei ya bando lolote. Lakini ni jibu la bonde letu. Mkivuka hadi Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge, au Voi barabarani, huenda mambo yakageuka juu chini. Sasa mnaona kwa nini siwatajii majina.

Kisha kuna habari ya simu yenyewe. Nyanya anatumia kabambe, ile wanayoiita mulika mwizi, na hataki nyingine. Simu nyingi za namna hiyo husoma 2G peke yake. Hata ukimletea mtandao wenye 4G ya kupaa, kwake ni kama kumwekea kipofu taa. Mfano mzuri ni Faiba, mtandao wa simu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2017 kwa 4G tupu, bila 2G wala 3G, tena kwa megahatsi 700. Masafa hayo huenda mbali na bando zake zimesifiwa na wengi wenye kuhitaji intaneti nyingi. Lakini simu isiyosoma masafa yale haitaiona hata ikilala chini ya mnara. Kabla hujanunua laini, hakikisha simu yako inazungumza lugha yake. Na wewe mwenye simu janja, ikiwa uko mahali ambapo 4G inakuja na kupotea, ingia kwenye mipangilio uilazimishe kutumia 2G au 3G kwa muda. Simu itaacha kutangatanga, na hata chaji itadumu zaidi. Habari za 5G, ambayo Safaricom iliifungua rasmi mwaka 2022 na Airtel mwaka 2023, naziachia walio mjini.

Haya, tumefika kwenye bei, ambako bwenini ndiko huanzia. Sitataja bei za leo, maana gazeti hili litasomwa na wanafunzi wa mwakani na kufikia hapo zitakuwa zimebadilika. Nitataja njia ya kuhesabu. Tuseme bando la kwanza ni shilingi 20 kwa MB 200 na halina kikomo cha siku. La pili ni shilingi 20 kwa GB 1, lakini linakwisha baada ya saa moja. Wengi watarukia la pili. Lakini kama katika saa hiyo utatumia MB 100 pekee kwa sababu netiweki yako ni ya kobe, kila MB uliyoitumia imekugharimu senti 20. La kwanza lilikuwa senti 10, na ukilimaliza wiki nzima hakuna anayekudai. Gawanya bei kwa ulichotumia, usigawanye kwa ulichoahidiwa. Zamani karibu kila bando lilikuwa na tarehe ya kufa, na wananchi walilalamika sana; tangu mwaka 2019 bando za data zisizokwisha muda zimekuwepo hata kwa Safaricom. Zitafute, hazipigiwi kelele kama zile za saa moja.

Mkopo wa salio nao uangalieni. Okoa Jahazi, kwa mfano, hukata asilimia 10. Shilingi 100 unapewa 90 na unalipa 100. Kwa dharura haina ubaya, wala simlaumu anayeitumia usiku maduka yamefungwa. Lakini anayekopa kila siku amejipandishia bei ya simu kwa hiari yake, kisha anakwenda kubishana na wenzake juu ya bando la shilingi 5.

Vipi kuhusu kupigia mtandao mwingine? Hili lina historia tamu. Ukimpigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni yako huilipa ile ya pili kwa kukupokelea simu. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 tume ya mawasiliano ilipunguza malipo hayo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3, na vita vya bei vikawaka. Wazazi wetu wanavikumbuka vizuri. Tangu hapo malipo yale yamezidi kushushwa hadi chini ya shilingi moja, na ndiyo sababu leo tofauti ya kupigia laini nyingine si kubwa kama zamani. Hata hivyo ofa nyingi, hasa zile za dakika za bure, hufanya kazi ndani ya mtandao mmoja tu. Kwa hiyo hesabu watu. Chukua majina kumi unaowapigia zaidi uone wako wapi. Kwa nyanya, saba kati ya kumi walikuwa kwenye laini moja, akiwemo mwenye pikipiki na muuguzi wa zahanati.

Na fedha je? M-Pesa ilianza Machi 2007, na katika vijiji vingi ndiyo benki. Tangu mwaka 2018 mtu anaweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja, jambo lililowaondolea wengi kifungo. Lakini kupokea ni kitu kimoja na kuzitoa ni kingine. Tembea uhesabu mawakala. Kama wakala wa laini yako yuko mjini peke yake na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200, basi ongeza hiyo 200 kwenye bei ya laini.

Baada ya yote haya familia yetu haikuchagua laini moja, ilichagua mbili. Kabambe mpya ya laini mbili si ghali, na hatuko peke yetu: laini zilizosajiliwa nchini zimepita milioni 60, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Ya kwanza ni ile iliyoingia chumbani na kudumu stima ikipotea. Ya pili ni ile ya watu saba na ya wakala aliye karibu, hata kama inashika uani tu. Simu hulala kizingitini mwa dirisha, na baba ameipigia kibao kidogo isianguke. Shangazi alisema tunafuja pesa. Nikamwonyesha kwamba laini isiyotumiwa haili kitu, ila uiwekee salio kidogo mara kwa mara, kwani laini iliyolala muda mrefu bila kutumiwa hufungwa.

Wapo wanaoogopa kuhama kwa sababu ya nambari. "Watu wote wananijua kwa nambari hii!" Tangu Aprili 2011 sheria inakuruhusu kuhamia kampuni nyingine na nambari yako mkononi. Ndiyo kusema nambari inayoanza na 0722 si lazima leo iwe Safaricom, wala 0733 si lazima iwe Airtel. Ajabu ni kwamba wachache sana wamelitumia ruhusa hilo. Nafikiri sababu kubwa ni pesa, kwa kuwa nambari inahama lakini akaunti ya pesa haihami nayo. Toa pesa zako zote na umalize madeni yote kabla hujaomba kuhama.

Limebaki neno kwa wenzetu wa mipakani: Taveta, Loitokitok, Namanga, Lunga Lunga, Vanga. Huko simu huvuka mpaka bila pasipoti. Umekaa Taveta sokoni, huna habari, kumbe simu imeshika mnara wa Tanzania kwa kuwa una nguvu zaidi, na kila simu unayopokea inahesabiwa kama uko ugenini. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoa ada ya namna hiyo kati yao, lakini Tanzania haikuwamo katika mpango huo ulipoanza. Dawa ni kuzima huduma ya ugenini kwenye mipangilio ya simu, kisha kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Orodha ikitokea kwa nambari badala ya majina, angalia tatu za mwanzo: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania. Binamu zangu wa Taveta wameziandika kwa kalamu nyuma ya simu ya babu, chini ya plasta inayoshikilia betri.